Mjomba Karisa na Wadai Waliokataa Kulipwa

Nimechoma chokaa Kisauni tangu sijaota ndevu mpaka meno yalipoanza kuning'oka, na katika miaka yote hiyo nimemwona mtu mmoja tu akiwafukuza wadai wake vichakani ili awalipe. Mtu huyo alikuwa Mjomba Karisa, ndugu ya mama yangu, aliyenifundisha kazi. Wadai walikuwa mbele, mjomba nyuma na jembe begani, na mimi nyuma ya mjomba nikimsihi turudi nyumbani.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaofundishwa gharama na mapato mkiwa mmekaa kwenye viti. Sina neno na viti. Mimi mambo hayo niliyasoma nimesimama, tena juani, na majina yake nimeyapata uzeeni kutoka kwa mjukuu wangu anayesoma uchumi. Aliponieleza kwamba kuna gharama za kudumu na gharama zinazobadilika, nilimwambia ile ya kwanza naijua vizuri, ilikuwa na masikio marefu na ikitupiga mateke.

Huyo alikuwa punda wetu. Mjomba alimwita Karani kwa sababu, kwa maneno yake, alikuwa akila kila siku, kazi iwepo isiwepo. Tanuu likiwaka, Karani anakula. Tanuu likipoa, Karani anakula. Masika yakiingia na sisi tumejikunyata kibandani bila hata gunia moja la kuuza, Karani yuko pale anatafuna pumba na kututazama kwa dharau. Hiyo ndiyo gharama ya kudumu, haikuulizi umeuza nini. Magogo ya kuchomea ni habari nyingine. Usipochoma hununui, ukichoma kidogo wanunua kidogo, na ukichoma sana unakwenda kukopa.

Wakati mmoja mjomba alijaribu kuigeuza ile ya kudumu iwe inayobadilika. Aliamua kwamba siku zisizo na kazi Karani hatapewa pumba. Karani aliuelewa mpango huo upesi kuliko mimi. Kwanza alikula kamba yake, halafu kikapu, halafu makuti ya ubavu mmoja wa kibanda, na mwisho akala kofia ambayo mjomba alikuwa akiivaa Jumapili kwenda kanisani. Mjomba alipiga hesabu ya kofia peke yake, na pumba zikarudi. Kwa hivyo mkisikia mkubwa wa kazi anasema atapunguza gharama za kudumu, chungeni kofia zenu.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kuieleza. Magogo hupangwa mviringo, vichwa vikielekea katikati, na katikati huachwa tundu la kutilia moto. Juu ya magogo hupangwa mawe ya tumbawe, makubwa chini na madogo juu. Kila jiwe unaligonga kwanza kwa nyundo. Likitoa sauti kavu, lichukue; likinyamaza, lina udongo ndani, litupe. Magogo yawe makavu. Mimi niliwahi kufanya haraka nikatumia mabichi, yakatoa moshi wa kufukuza mbu Kisauni nzima, na mawe yalipopoa yalikuwa mawe vilevile, yamechafuka tu. Mjomba hakunigombeza. Alinipa nyundo akaniambia niende nikamweleze mteja kwamba hii ni chokaa ambayo bado haijaamua.

Kasoro ya mjomba ilikuwa moja. Kila pesa iliyoingia mfukoni mwake aliiita faida. Akiuza magunia, anapiga mfuko wake na kusema leo tumepata faida. Muuza magogo akija kudai chake, mjomba anashangaa kweli kweli, kama mtu aliyevamiwa njiani. Nilikuwa nikimwambia, mjomba, hayo ni mapato, faida ni yale yatakayobaki huyu akishaondoka. Yeye alikuwa akinijibu kwamba tatizo basi si hesabu, ni huyu, laiti asingekuja.

Mteja wetu mkubwa alikuwa Bwana Athumani, mkandarasi wa Jomvu Kuu, mtu mpole aliyesema maneno machache na kuyalipia taslimu. Kumpelekea chokaa kutoka kwetu tulivuka daraja la kuelea la Nyali, tukapita kisiwani, tukatokea Changamwe, safari ya kuchosha, na pale darajani palikuwa na ushuru. Mtu analipa, punda analipa, na mzigo nao unatazamwa. Mjomba aliuchukia ushuru ule kuliko dhambi. Siku moja akaja na habari kwamba ameazima mashua, tutavuka mkono wa bahari moja kwa moja hadi Jomvu, bila daraja wala ushuru. Nilimuuliza kama mashua haivuji. Akasema inavuja kidogo tu, tena kwa chini.

Kwa wasioijua kazi hii, chokaa iliyotoka motoni na bado haijazimwa ikikutana na maji huchemka. Bwana Athumani alipenda kuizima mwenyewe kwa maji, kwa hivyo tulikuwa tumepakia magunia ya chokaa kali, sisi wawili juu yake, na Karani amesimama katikati kwa sababu ng'ambo tungemhitaji. Tulipofika kati ya maji nilisema makalio yangu yanaungua. Mjomba akasema ni jua. Nikamwambia jua liko juu. Alikuwa bado anatafakari jambo hilo wakati mashua ilipoanza kutoa mvuke pande zote. Karani ndiye aliyeruka wa kwanza, mimi nikamfuata, na mjomba alibaki kidogo akijaribu kuizima chokaa kwa kuimwagia maji.

Tulifika ufukweni Jomvu tukiwa tumeshika mkia wa punda. Mashua ilitufuata nyuma polepole, nyeupe, inatokota, haina mtu. Bwana Athumani alikuwa amesimama pale na watu wake. Aliitazama mpaka ikagota mchangani, kisha akasema, "Karisa, wallahi mimi nilikuagiza chokaa. Uji sikuuagiza."

Tulipoteza mzigo, magunia na mashua ya watu, na mjomba alirudi nyumbani akisimulia kwamba angalau ushuru hatukulipa. Nanyi mtawakuta watu wa namna hii, wengine wana ofisi. Gharama moja imewakaa moyoni kama mwiba, na ili waikwepe hiyo watalipa nyingine kubwa mara kumi, mradi isiitwe kwa jina lile.

Ajabu ni kwamba Bwana Athumani hakutuacha. Ilikuwa miaka ya vita inamalizika, kule Changamwe nyumba za wafanyakazi zilikuwa zikijengwa, na chokaa haikutosha. Alituita akasema anataka matanuu mawili makubwa, yote kabla ya masika. Tukiweza, atanunua kwetu siku zote. Tukishindwa, atatafuta wengine, na hatakuwa na chuki na sisi.

Kwangu mimi agizo lile lilikuwa na jina, na jina lake lilikuwa Sidi. Alikuwa binti wa Mzee Chengo, jirani yetu mwenye shamba la mihogo na kunde. Mzee Chengo alinipenda, lakini aliniambia wazi kwamba atanisubiri mpaka masika. Baada ya hapo alikuwepo mwanamume mmoja wa Changamwe, ana kazi ya mshahara relini na baiskeli yenye kengele. Fungu langu katika matanuu yale mawili ndilo lingekuwa mahari. Nilikuwa nikiisikia kengele ile hata usingizini.

Sasa, watu wawili na punda hawawezi kujenga matanuu mawili ya namna hiyo. Nilimwambia mjomba tuandike vibarua wachache. Akakataa, vibarua wanataka mshahara. Yeye alikuwa na njia ya bure. Tutaita mweria.

Mweria, kwa msioujua, ni desturi ya kusaidiana kazi. Unawaita majirani, wanakuja na majembe na mashoka yao, wanakufanyia kazi siku nzima, na hakuna anayekudai senti. Wewe unawapa chakula na mnazi wa kunywa, na siku wao wakiwa na kazi, nawe unakwenda. Hapo kwenye "nawe unakwenda" ndipo mjomba alipopasoma haraka haraka.

Walikuja watu kama thelathini. Sijaona kazi nzuri kama ile. Mawe yalivunjwa, magogo yakapangwa, tanuu likasimama kubwa kama nyumba. Wanawake wa majirani walikuja nao kupika, na sinia za sima, kunde na papa mkavu zilikuwa zikitoka jikoni kwa mjomba bila kukatika, ingawa unga siku zile ulikuwa wa kupanga foleni. Jioni moto ulitiwa, tanuu likaungua vizuri kabisa, na Bwana Athumani alipokuja kuona chokaa aliisaga kati ya vidole, akatabasamu, akasema lile la pili likiwa hivi tumemaliza mazungumzo. Mjomba akapiga mfuko wake. "Faida tupu," akaniambia. "Na watu bure."

Nilikuwa na furaha mpaka nilipomwambia tuanze kukusanya mawe ya tanuu la pili. Akanitazama kwa mshangao. Hatuwezi kuwasha moto mwingine, akasema, hali tunadaiwa siku. Kila mtu aliyekuja anatudai siku moja ya jembe shambani kwake. Nilipendekeza tuwalipe baada ya masika. Mjomba alinijibu kwamba baada ya masika hakuna kilimo, na kwamba yeye hajawahi kulala na deni la siku ya mtu. Hilo lilikuwa kweli. Mjomba alikuwa tayari kumcheleweshea wa magogo pesa zake mwaka mzima, lakini siku ya mtu aliiona kama kitu cha madhabahuni.

Nilipiga hesabu. Wawili sisi, mashamba kama thelathini. Masika yangetukuta katikati, na Sidi angekuwa amekaa nyuma ya baiskeli anapelekwa Changamwe. Nilimweleza mjomba hivyo. Alikuna kichwa, kisha uso wake ukang'aa, nami nikaogopa.

Tutaita mweria, akasema, wa kulipa mweria.

Nisikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo wengi hupotea. Mpango ulikuwa kwamba watu wale wale thelathini tuwaite tena, twende nao wote shambani kwa mdai mmoja, tumalize kazi yake kwa asubuhi moja. Kesho yake wote kwa mdai mwingine. Tungefuta deni moja kila siku. Nikamuuliza, je, hao watakaotusaidia kulipa kwa huyo wa kwanza, hatutadaiwa nao siku nyingine kila mmoja? Mjomba akafikiri. Tutadaiwa, akasema, lakini la huyo wa kwanza litakuwa limekwisha. Kwa hivyo kila deni tulilolilipa lilikuwa linazaa mengine kama thelathini, na mjomba aliliangalia lile moja lililokufa tu.

Wa kwanza kulipwa alikuwa Mzee Chengo. Mjomba alimchagua kwa ajili yangu, ili baba mkwe aone sisi ni watu wa aina gani. Aliona.

Shamba lake lilikuwa dogo. Watu watano wa kwanza walioingia walifanya kazi ya maana, magugu yakaanguka. Watano waliofuata wakasaidia. Watano wengine walikuta magugu yamekwisha, lakini mtu aliyekuja na jembe hawezi kusimama tu, basi wakaanza kulima mahali palipokwisha kulimwa. Waliobaki walilima kunde. Kisha wakalima njia, wakalima uwanja wa mbele, na mmoja nilimwona analima kwa uangalifu mkubwa njia ya kwenda chooni. Majembe yalikuwa yamebanana kiasi kwamba mtu akiinua lake anaomba radhi kwanza. Mjukuu wangu ananiambia hali hiyo ina jina katika vitabu, kwamba ukiendelea kuongeza watu mahali pamoja, kila anayeongezeka huleta kidogo kuliko aliyemtangulia. Kwa Mzee Chengo yule wa mwisho alileta hasara ya kunde.

Na kila mmoja, wa kwanza na wa mwisho, alikula sahani yake kamili. Maana ndivyo desturi ilivyo, mwenye shamba ndiye hulisha waliokuja. Mtu wa thelathini hakuongeza kazi hata kidogo, lakini aliongeza sahani nzima, tena akaomba mchuzi. Kama mnataka kukumbuka gharama ya nyongeza ni nini siku ya mtihani, mkumbukeni huyo. Kuku wa Mzee Chengo walianza kupungua kabla ya adhuhuri. Jikoni moshi haukukatika tangu alfajiri. Sidi nilimwona mara moja tu, anapita na mtungi wa maji kichwani, wala hakunitazama.

Mzee Chengo mwenyewe, kuona watu wanahangaika shambani kwake hali yeye amekaa, aliona haya, akachukua jembe akaingia nao. Jioni, watu walipoondoka, mjomba alimshika mkono kwa heshima akamshukuru. Akamwambia lile deni la kwanza limekwisha, lakini kwa kuwa leo naye alishika jembe katika mweria wa mjomba, basi sasa anamdai mjomba siku nyingine, nasi tutarudi kuilipa.

Mzee Chengo alikuwa ameshika kibuyu kitupu. Alikitazama, akamtazama mjomba. "Karisa," akasema taratibu, "nilikuwa nalima shamba langu mwenyewe."

"Ni kweli," mjomba akajibu. "Lakini siku ilikuwa yangu."

Habari ilienea upesi kuliko moto wa makuti. Siku ya pili tulipokwenda na watu wetu kwa mdai mwingine, mkewe alituambia amesafiri kwenda Rabai, nasi tuliiona miguu yake chini ya kitanda. Wa baada yake alikuwa ameamka mapema akalima shamba lake lote peke yake, akatuonyesha kwa fahari kwamba hakuna tena pa kutia jembe. Mwingine aliapa kwamba shamba lile si lake, na jirani yake naye akaapa hivyo hivyo, mpaka likawa shamba lisilo na mwenyewe, na waliokuwa wakigombania mpaka wake miaka nenda miaka rudi wakapatana siku hiyo. Kundi letu nalo likawa linapungua, kwa sababu kila aliyekuwa ndani yake alikuwa pia mdai, na kila mdai alijua zamu yake iko njiani.

Mjomba aliumia. Hakuona kichekesho chochote. Alikuwa mtu anayetaka kulipa, na dunia nzima inamfungia mlango. Ndipo akaanza kuwafukuza. Alikuwa akimwona mdai mbali njiani, anapaza sauti kwa adabu, "Ndugu, nina siku yako," na yule anageuka na kuingia kichakani. Kuna aliyepanda mnazi akakaa huko na mgema. Walimtumia ujumbe kwamba wamemsamehe wote, siku zote, za kwanza na za pili. Alikataa kwa hasira. Akasema husamehewa mtu asiye na mikono.

Mimi nilikuwa nikitazama mawingu. Tanuu la pili halikuwa na hata jiwe moja. Nilikwenda kukaa peke yangu juu ya magogo, na sioni haya kuwaambia kwamba nililia, kwa sababu nilimpenda mjomba na nilimpenda Sidi, na nilikuwa nampoteza mmoja kwa uaminifu wa mwingine.

Aliyetuokoa ni Mzee Chengo, naye hakuwa na nia ya kutuokoa sisi. Alikuja nyumbani siku moja asubuhi amevaa shati safi. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kunitazama. Alimuuliza mjomba, je, wakwe hudaiana siku? Mjomba akasema hapana, baina ya wakwe hakuna siku, kazi ya mmoja ni ya mwingine. Mzee Chengo akashusha pumzi ndefu sana. Basi, akasema, aletewe kibuyu cha posa haraka iwezekanavyo, mahari itafuata tanuu likishauzwa, hana shida na muda. Alichokitaka ni kwamba kuanzia dakika ile mjomba asimlipe chochote tena.

Hivyo ndivyo nilivyomshinda mtu mwenye baiskeli. Baba mkwe alinipa binti yake ili asilimiwe shamba.

Na wale wengine? Mzee Chengo ndiye aliyewapatanisha pia. Kila mdai akakubali badala ya siku zake zote apewe kikapu kimoja cha chokaa cha kupaka nyumba, na mjomba, kwa kuwa kikapu si msamaha, akakubali. Tulipomaliza kugawa nilimwonyesha vile vikapu na kumwambia, mjomba, huu ndio mshahara wa wale watu wa bure. Vibarua wachache tungewalipa tukabakiwa na robo tatu ya chokaa hii. Mjomba alisema sasa anaelewa. Kisha akasema lakini vibarua wasingekuja wakiimba. Tanuu la pili tulilijenga na vibarua wanne, hawakuimba, na Bwana Athumani aliipokea chokaa yake kwa njia ya daraja, ushuru umelipwa, kabla tone la kwanza halijaanguka.

Siku ya posa tulikwenda na kibuyu cha mnazi kama inavyotakiwa. Desturi ni kwamba kabla wazee hawajanywa, binti huulizwa mbele ya wote kama kinywewe. Akisema kinywewe, amekubali. Sidi aliitwa, akaitika abee, akaja akapiga magoti. Baba yake akamuuliza. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni na mikono yangu iliyochunwa na chokaa.

Sidi akasema, "Baba, nyinyi mmefutiana siku zenu. Siku ya tanuu lao nilipika tangu alfajiri. Siku waliyokuja kutulimia nilipika tangu alfajiri, nikatwanga, nikateka maji, nikakuna nazi, mimi na mama. Na hizo zetu zimefutwa na nani?"

Nilijaribu kukumbuka hesabu zangu zote. Nilikuwa nimehesabu magogo, unga, kuku, pumba za Karani, hata ushuru wa darajani. Nilikuwa nikijiona ndiye peke yangu ninayejua gharama katika ukoo ule, na wanawake wale walikuwa mbele ya macho yangu siku nzima, katika moshi, na sikuwahesabu.

Mzee Chengo alianza kumwambia binti yake kwamba haya si ya kuzungumzwa hapa. Lakini mjomba alikuwa ameshasimama. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyegundua kwamba amelala na siku za watu bila kujua. Alivua koti akalikunja akanipa. Kisha akauliza jikoni ni wapi.

Tulikwenda wote wawili. Wazee walibaki wamekaa na kibuyu kilichozibwa. Mjomba aliikalia mbuzi ya kukunia nazi kinyumenyume, akaulizwa na mama Sidi kama anamwogopa mbuzi huyo. Mimi nilisonga sima kwa nguvu za mtu anayekoroga chokaa, ikatoka ngumu kiasi hicho hicho. Moto tulioukoka ungeunguza jiwe. Tulipakua, tukawapelekea Sidi na mama yake, nao wakala polepole, watu wazima wote wanawatazama wakitafuna.

Sidi alimeza, akafuta vidole. "Kinywewe," akasema. "Mimi nimelipwa ya tanuu. Ile ya shamba huyu mchumba atanilipa nyumbani. Za mama aulizwe mama mwenyewe."

Mama yake alisema bado anafikiri.

Sidi nimeishi naye maisha yangu yote. Siku yake ile aliitangaza imelipwa mwaka tuliopata mtoto wa kwanza, baada ya kukataa majaribio mengi kwa sababu ya chumvi. Za mama yake nilikuwa nikizilipa kila tulipokwenda kumwamkia, na kila nikiuliza kama zimekwisha, yeye akijibu bado anafikiri, mpaka Mungu akamchukua akiwa bado anafikiri. Siku ya mazishi yake nilimuuliza Sidi sasa itakuwaje. Alikuwa analia, naye akacheka hapo hapo katikati ya kilio, akasema deni la mama ni la mama, yeye hana ruhusa ya kumsamehe mtu kwa niaba ya mwingine. Kwa hivyo mpaka leo, sima ya jioni nyumbani kwetu naisonga mimi.